Kuboresha Saspensheni ya Gari la Familia: Yanayotangulia, Yanayofuata na Yanayopaswa Kuepukwa

Sehemu kubwa ya magari madogo ya familia yanayotumika nchini Tanzania yalitumika kwanza nchini Japani kabla ya kuingizwa kupitia Bandari ya Dar es Salaam. Toyota IST, Raum, Premio, Spacio na Noah ni majina yanayofahamika katika kila mji. Magari hayo yalibuniwa kwa soko lenye barabara za lami iliyo laini, na yanapofika hapa hukutana na matuta, mashimo, barabara za changarawe na mizigo mizito ya safari za mwisho wa mwaka.

Baada ya muda malalamiko ya wamiliki hufanana. Gari hugonga chini likivuka tuta, huyumba linapopishana na lori, huzamisha pua dereva anapokanyaga breki, na abiria wa nyuma hulalamika kuwa kila shimo wanalihisi mgongoni. Hapo ndipo wengi hufika gereji wakitaka gari linyanyuliwe, liwekewe springi ngumu au libadilishiwe rimu.

Uzoefu wa kiufundi unaonesha kwamba uboreshaji wenye manufaa una mpangilio wake, na hatua ya kwanza si ya kununua kifaa kipya cha kifahari. Kwa kawaida gari huanza kuwa bora pale linaporejeshwa katika hali yake ya asili. Mpangilio huo ukikosewa, fedha hutumika, safari huwa ngumu zaidi, na uwezo wa gari kusimama na kukata kona hupungua huku familia ikiamini kuwa iko salama kuliko awali.

Kazi ya saspensheni

Saspensheni ni mfumo unaobeba bodi ya gari juu ya magurudumu. Una majukumu mawili ambayo wakati mwingine hukinzana: kuwakinga abiria na mitikisiko ya barabara, na kuhakikisha tairi zote nne zinaendelea kugusa barabara kwa nguvu inayofaa. Jukumu la pili ndilo linalohusu uhai. Breki, usukani na injini hufanya kazi kupitia eneo dogo la mpira linalogusa ardhi, ambalo kwa kila tairi la gari dogo halizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Tairi likiruka hewani, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, gurudumu hilo halina breki wala usukani.

Mfumo huo una sehemu kuu tano. Springi hubeba uzito na kupokea pigo la shimo au tuta. Shokapu, ambayo baadhi ya mafundi huiita shokomzoba, hutuliza springi ili isiendelee kudunda. Hufanya hivyo kwa kulazimisha mafuta yapite katika matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Mikono ya chini pamoja na boljointi huelekeza gurudumu lipande na kushuka katika njia yake. Bushi, yaani mipira iliyo kwenye maungio, huzuia chuma kugongana na chuma. Stabilaiza ni nondo inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili bodi isilale kupita kiasi kwenye kona.

Katika magari mengi ya familia, upande wa mbele hutumia muundo unaounganisha springi na shokapu katika nguzo moja. Muundo huo hujulikana kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani aliyeuendeleza katika miaka ya 1940 akiwa General Motors na baadaye Ford. Mwaka 1950 Ford ya Uingereza ilionesha magari ya Consul na Zephyr yenye muundo huo, na tangu hapo umeenea duniani kwa kuwa ni mwepesi, hauchukui nafasi kubwa na gharama yake ni ndogo. Nyuma, magari madogo yanayoendeshwa na magurudumu ya mbele, kama Toyota IST na Premio, hutumia boriti moja ya chuma inayojipinda kidogo magurudumu yanapopishana kimo. Ni muundo imara, lakini una sehemu chache za kurekebisha, hivyo kasoro zake nyingi hutoka kwenye bushi, springi na shokapu.

Ulaini na uthabiti

Dhana iliyozoeleka ni kwamba gari gumu hutulia barabarani na gari laini huyumba. Ukweli ni mpana zaidi. Bodi ya gari iliyo juu ya springi hupanda na kushuka kwa mwendo wake wa asili, na magari ya familia hubuniwa ili mwendo huo uwe kati ya mara moja na mara moja na nusu kwa sekunde. Kiwango hicho kinakaribiana na mwendo wa mtu anayetembea, na mwili wa binadamu hukivumilia vyema. Mitikisiko ya wima ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde ndiyo inayouchosha mwili kuliko mingine.

Mfano wa hesabu unaweza kusaidia. Gurudumu linalobeba kilo 300 za bodi, likiwa na springi yenye ugumu wa nyutoni 20 kwa kila milimita, hutikisika takribani mara 1.3 kwa sekunde. Hicho ni kiwango kizuri. Springi ikiongezwa ugumu maradufu, mtikisiko hufikia takribani mara 1.8 kwa sekunde, yaani eneo la magari ya michezo. Kwenye lami iliyonyooka gari hilo litajibu usukani kwa haraka. Kwenye changarawe yenye mikunjo, tairi litaanza kurukaruka kwa sababu springi haiwahi kujaza mabonde madogo ya barabara. Gari gumu kupita kiasi kwenye barabara mbaya hupoteza mshiko, na kwa hiyo huwa si thabiti.

Lengo la mmiliki wa gari la familia, basi, ni udhibiti: springi yenye ugumu wa wastani, shokapu yenye nguvu ya kuituliza springi hiyo, na maungio yasiyo na mchezo.

Hatua ya kwanza: matairi na upepo

Tairi ni springi ya kwanza ya gari. Upepo ukizidi, tairi huwa gumu na hupeleka kila kokoto kwenye bodi. Ukipungua, kuta za tairi hujikunja, usukani huwa mzito na tairi hupata joto linaloweza kulipasua. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani hutumia kilopaskali, hivyo kibandiko kinachosomeka 220 kinamaanisha takribani psi 32. Upimaji ufanywe tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe. Haioneshi kipimo kinacholifaa gari.

Umri wa tairi nao una uzito. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata kama kashata za tairi bado ni ndefu, na tairi lililokauka huteleza kwenye lami iliyolowa. Kwa sababu hiyo tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa hatari kuliko linavyoonekana.

Kuhusu rimu kubwa, hesabu iko wazi. Tairi la 185/65 R15 lina ukuta wa takribani milimita 120. Tairi la 205/45 R17 lina ukuta wa takribani milimita 92. Milimita 28 zinazopotea ni sehemu ya mto uliokuwa ukikinga rimu na shimo. Mmiliki anayelalamikia ugumu wa safari huku gari lake likiwa na rimu kubwa kuliko za kiwandani anaweza kupata nafuu kubwa kwa kurejea kipimo cha asili, bila kugusa springi wala shokapu. Kipimo chochote kinachochaguliwa kizingatie pia namba ya uwezo wa kubeba: 82 ni kilo 475 kwa tairi, 85 ni kilo 515 na 91 ni kilo 615.

Hatua ya pili: kubaini kilichochoka

Gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi haliwezi kuhukumiwa kwa ubora wa muundo wake kabla vilivyochakaa havijabainishwa. Ukaguzi huo hauhitaji mitambo mingi.

Kwanza, gari likiwa limesimama mahali tambarare, kila kona husukumwa chini kwa nguvu na kuachiwa. Bodi inapaswa kupanda, kushuka kidogo na kutulia. Ikiendelea kudunda, shokapu ya kona hiyo imechoka. Jaribio hili hugundua shokapu iliyoharibika kabisa, lakini haliwezi kuthibitisha kuwa shokapu ni nzima, kwa hiyo ukaguzi wa macho huongezwa: mafuta yanayotiririka kwenye mwili wa shokapu, nondo iliyopata kutu au mikwaruzo, na mpira wa vumbi uliochanika.

Pili, matairi hutazamwa. Tairi lililolika kwa mabaka yanayofuatana, kama mabonde madogo kuzunguka duara, mara nyingi huashiria shokapu dhaifu au gurudumu lisilo na balansi. Kulika upande wa ndani au wa nje pekee huashiria mpangilio wa magurudumu ulioharibika au bushi iliyolegea.

Tatu, gari hunyanyuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara. Gurudumu hushikwa juu na chini kisha kutikiswa. Mchezo ukionekana, boljointi au beringi inahusika. Likishikwa kushoto na kulia, mchezo huelekeza kwenye tairodi endi. Bushi za mkono wa chini huchunguzwa kwa mtaimbo mdogo: mpira uliopasuka au kuachana na chuma huonekana mara moja. Hakuna mtu anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee.

Nne, sauti husikilizwa. Mlio mkavu wa kugonga kwenye rasta au mashimo madogo mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza, ambazo ni miongoni mwa spea za gharama nafuu katika mfumo mzima. Mlio wa kukwaruza usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama unaweza kutoka kwenye beringi ya juu ya nguzo ya shokapu.

Wamiliki wengi hushangaa kuona kwamba gari lililokuwa likiyumba hutulia baada ya kubadilishiwa bushi na linki pekee. Bushi iliyolegea huruhusu gurudumu kubadili mwelekeo wake lenyewe kila dereva anapokanyaga breki, na hakuna shokapu ya gharama yoyote inayoweza kurekebisha kasoro hiyo.

Hatua ya tatu: shokapu

Shokapu ndiyo sehemu ambayo mabadiliko yake huhisiwa haraka zaidi. Watengenezaji wengi hushauri ukaguzi wa kina kuanzia kilomita 80,000, na kwa gari linalopita kila siku kwenye barabara ya vumbi muda huo huwa mfupi zaidi. Kwa kuwa uchakavu huja taratibu, dereva huzoea bila kugundua. Anapunguza mwendo kwenye kona aliyokuwa akiipita kwa utulivu, na huona kuwa ni umri wa gari.

Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine; ni ya kawaida katika magari ya familia, ina bei nafuu na huvumilia kugongwa na mawe kwa sababu mrija wa kazi umekingwa na wa nje. Ya pili ina mrija mmoja wenye gesi ya naitrojeni iliyobanwa na kutenganishwa na mafuta. Hupoza joto vizuri na hudhibiti kwa usahihi, lakini huwa ngumu zaidi, ina bei kubwa, na mrija wake ukibonyezwa na jiwe pistoni inaweza kukwama. Kwa matumizi ya familia, aina ya mirija miwili yenye gesi ya mgandamizo mdogo hutosha na hupunguza mafuta kutoa povu kwenye safari ndefu ya barabara mbovu.

Mambo matatu huzingatiwa. Shokapu hubadilishwa kwa jozi, yaani mbili za mbele au mbili za nyuma kwa pamoja, ili gari lisivute upande mmoja. Mpira wa kuzuia kugonga, mpira wa vumbi na kiti cha juu chenye beringi hubadilishwa wakati huohuo, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile. Aidha, spea huagizwa kwa namba ya chasisi. Toyota IST ya kizazi cha kwanza, kwa mfano, ina misimbo NCP60, NCP61 na NCP65. Huo wa mwisho ni wa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, na shokapu za nyuma za gari la namna hiyo si lazima zifanane na za magurudumu mawili hata kama maduka huziweka rafu moja.

Hatua ya nne: springi

Springi hubadilishwa pale inapovunjika, inapolegea au inapokuwa haitoshi kwa mzigo wa kawaida wa gari. Kulegea hupimwa kwa futi: kimo kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi hulinganishwa kulia na kushoto, gari likiwa tupu na mahali tambarare.

Mzigo ndio chanzo cha malalamiko mengi. Kwa springi ya mfano uliotangulia, yenye ugumu wa nyutoni 20 kwa milimita, kilo 80 zikiongezwa juu ya gurudumu moja bodi hushuka takribani milimita 39. Hiyo ina maana kwamba watu wawili wazima na mabegi yao, jumla ya kilo 160 zikigawanywa kwa magurudumu mawili ya nyuma, hula karibu sentimita 4 za nafasi ya kupokea mashimo. Gari lililoshuka hivyo hugonga chini mapema, taa zake huinuka na kuwapofusha madereva wanaokuja mbele, na usukani huwa mwepesi kwa kuwa uzito umehama kutoka mbele. Kwa familia inayobeba mzigo mara kwa mara, springi za nyuma zenye ugumu unaoongezeka kadiri zinavyobanwa ni chaguo linalofaa: huwa laini gari likiwa tupu na hukaza likijaa. Hata hivyo, hakuna springi inayoongeza uzito wa juu ulioidhinishwa na mtengenezaji, kwani breki, matairi na ekseli hubaki vilevile.

Ugumu wa springi hutegemea vipimo ambavyo jicho haliwezi kuvikadiria. Hukua kwa kipeo cha nne cha unene wa waya: waya wa milimita 13 badala ya 12 huifanya springi kuwa ngumu kwa takribani asilimia 38, vipimo vingine vikibaki vilevile. Pia hukua mizunguko inapopungua. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa mzunguko mmoja ili kushusha gari huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na wakati huohuo gari huwa na nafasi ndogo ya kushuka kabla ya kugonga. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kitako chake na inaweza kuchomoka gurudumu linaponing'inia. Kukata springi au kuichoma moto ili ilegee ni mambo yasiyofaa kufanywa kwa gari lolote linalobeba abiria.

Kunyanyua gari: faida na gharama yake

Ombi la kunyanyua gari lina sababu ya msingi. Barabara nyingi za mitaa na vijijini, zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), bado ni za changarawe au udongo, na gari la chini huharibika sampu, ekzosi na bampa. Sentimita chache za ziada zinaweza kuamua iwapo mtoto atafikishwa shuleni wakati wa masika.

Gharama yake, hata hivyo, haionekani gereji; huonekana kwenye kona. Gari linapokata kona, uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na kiasi kinachohama hutegemea kimo cha kitovu cha uzito. Gari la kilo 1,300 pamoja na abiria, lenye kitovu cha uzito kwenye kimo cha sentimita 55 na upana wa sentimita 145 kati ya magurudumu, likikata kona kwa nguvu inayofikia nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, huhamisha takribani kilo 247. Likinyanyuliwa sentimita 5, huhamisha takribani kilo 269, ongezeko la asilimia 9. Gari hilo bado linaweza kuendeshwa kwa usalama, lakini halitavumilia mwendo uleule kwenye miteremko yenye kona kama Kitonga mkoani Iringa, wala kukwepa kwa ghafla kama lilivyoweza awali.

Njia ya kunyanyua nayo ina uzito wake. Spesa inayowekwa juu ya nguzo ya shokapu huinua bodi bila kubadili ugumu wa springi. Mipira inayopachikwa katikati ya mizunguko ya springi huzuia baadhi ya mizunguko isifanye kazi, hivyo huikaza springi mahali pamoja na kuweza kuivunja. Katika njia zote, jointi za ekseli hufanya kazi kwa pembe kali zaidi na mipira yake huchanika mapema, mikono ya chini huinama, na paipu za breki zinaweza kuvutika gurudumu linaponing'inia.

Kwa gari dogo la familia, njia yenye madhara madogo ni kurejesha kwanza kimo cha asili kwa springi mpya, kwa kuwa gari lililolegea linaweza kuwa limepoteza sentimita kadhaa. Pale ambapo bado haitoshi, springi ndefu kidogo pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwa springi hizo ni salama kuliko spesa. Kinga ya chuma chini ya injini nayo inaweza kuondoa sababu ya kunyanyua kabisa. Mahitaji yanayozidi hapo yanaashiria kuwa familia inahitaji gari la aina nyingine.

Stabilaiza na bushi ngumu

Kwa mmiliki anayetaka gari lisilale kwenye kona bila kuharibu ulaini wa safari, stabilaiza nene zaidi ni njia inayofaa kuliko springi ngumu. Magurudumu mawili yakipanda tuta kwa pamoja, stabilaiza huzunguka tu na haiongezi ugumu. Hufanya kazi pale upande mmoja unapopanda na mwingine kushuka. Lakini ikizidi unene, shimo linalopigwa na gurudumu moja huhisiwa pia upande wa pili, na kwa barabara zenye mashimo upande mmoja hilo huwa kero. Aidha, kuongeza unene nyuma pekee kunaweza kulifanya gari litelezeshe mkia kwenye lami iliyolowa.

Bushi za polyurethani hudumu na hukaza mwelekeo wa magurudumu, lakini hupeleka mtetemo na kelele zaidi ndani ya gari, na nyingine hulia zisipopakwa grisi maalumu. Kwa familia nyingi, bushi za mpira zenye ubora wa kiwandani hutoa uwiano mzuri zaidi.

Ufungaji na upangaji wa magurudumu

Spea nzuri iliyofungwa vibaya haina maisha. Bushi za mpira zilizoshikamana na chuma hukazwa kikamilifu gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake. Zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira hubaki umejipinda muda wote gari linapotembea na huchanika ndani ya muda mfupi. Ni kosa la kawaida, na ni sababu mojawapo ya wamiliki kuamini kuwa bushi mpya hazina ubora.

Springi ya mbele hutolewa kwa kibana springi kilicho kizima. Springi ya ugumu uliotajwa, ikibanwa sentimita 15, hubeba nguvu sawa na ya mzigo wa kilo 23 unaoangushwa kutoka kimo cha mita moja. Kamba, waya au nguvu za watu wawili si mbadala wa kifaa hicho.

Baada ya kugusa nguzo ya shokapu, mkono wa chini au tairodi endi, magurudumu hupangwa upya kwenye mashine ya alaimenti. Mashine hupima mambo matatu: mwelekeo wa matairi yakitazamwa kutoka juu, mlalo wake yakitazamwa kutoka mbele, na mwegamo wa mhimili wa usukani yakitazamwa kutoka ubavuni. Mmiliki anayo haki ya kuomba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Katika magari mengi madogo ni mwelekeo pekee unaorekebishika kwa urahisi, hivyo mlalo ulio nje ya kiwango ni dalili ya sehemu iliyopinda. Alaimenti inayofanywa juu ya bushi zilizolegea haidumu.

Wajibu wa kisheria

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inamtaka mmiliki na dereva kuhakikisha kuwa gari linalotumika barabarani liko katika hali nzuri ya kiufundi. Gari lililorekebishwa kwa namna inayodhoofisha breki, usukani au matairi linaweza kuzuiwa kuendelea na safari. Ni busara pia kwa mmiliki kuiarifu kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko makubwa, ili kuepuka mvutano ajali inapotokea, na kutunza risiti za spea pamoja na karatasi za alaimenti.

Mpangilio wa kufuata

Kwa muhtasari, familia yenye bajeti ndogo inaweza kugawa kazi kwa awamu bila kupoteza fedha, kwa utaratibu ufuatao:

1. Kurekebisha upepo, kurejesha kipimo sahihi cha matairi na kufanya balansi.
2. Kubadilisha bushi, boljointi, tairodi endi na linki zilizochoka.
3. Kubadilisha shokapu kwa jozi, pamoja na viti vya juu na mipira yake.
4. Kubadilisha springi zilizolegea, kwa kuzingatia mzigo wa kawaida wa gari.
5. Kufanya alaimenti kila baada ya awamu inayogusa maungio ya magurudumu.
6. Kufikiria stabilaiza nene au ongezeko dogo la kimo pale tu hatua zilizotangulia zimekamilika na hitaji bado lipo.

Kila awamu ifuatiwe na safari fupi ya majaribio kwenye barabara ileile, kwa mwendo uleule na mzigo uleule, ili tofauti ipimike. Gari lililoboreshwa ipasavyo hutambulika kwa mambo madogo: hutulia mara moja baada ya tuta, husimama bila kuvuta upande, hurudisha usukani lenyewe baada ya kona, na abiria wa nyuma hufika safari ya mbali bila kuchoka. Mengi ya hayo hupatikana kabla ya hatua ya nne, na kwa magari mengi matengenezo yanaweza kuishia hapo.